Giza la Duma na Mahema ya Mto Nile

Mhakiki hutakiwa asikilize kwanza, ndipo aseme. Kanuni hii ni rahisi kuitamka, lakini ni ngumu kuitii pale inapotufikia sauti ambayo masikio yetu hayakulelewa kuipokea. Katika makala haya tumekusudia kuipima sauti ya namna hiyo, pamoja na desturi ya vijana kusafiri na marafiki zao hadi nchi ya jirani, wakapiga mahema na kulala nje siku tatu au nne ili waisikie. Tunafanya hivyo kwa kuwa wanafunzi wetu wa Mengo wanaijua, wanaizungumza, na mara nyingine wanaiandika katika insha zao. Mwalimu anayeikata insha hiyo kwa wino mwekundu bila kujua kinachosemwa ndani yake hafundishi. Anafunga mlango tu.

Sauti yenyewe ni muziki wa metali. Muziki huu ulichimbuka katika mji wa viwanda wa Birmingham, Uingereza, ambako kundi la Black Sabbath lilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1970. Mpiga gitaa wa kundi hilo, Tony Iommi, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine, akalazimika kubuni njia mpya ya kupiga chombo chake. Basi tangu mwanzo muziki huu ulibeba mngurumo wa kiwanda na maumivu ya mtu aliyeumizwa na kazi. Ulipofika Nairobi uliwakuta vijana wa mjini wenye maumivu yao wenyewe, nao wakaunda bendi zao.

Kazi tuliyoichagua ni albamu iitwayo Duma, ya kundi lenye jina hilo hilo. Kundi hilo lilikuwa la vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Lord Spikeheart, ambaye ndiye mwimbaji, na Sam Karugu, mpiga gitaa na muundaji wa midundo ya mashine. Waliirekodi Kampala mwaka 2019, nayo ikatolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes, kampuni ya Kampala iliyozaliwa na tamasha la Nyege Nyege. Tamasha hilo lilianza mwaka 2015 kandoni mwa Mto Nile, karibu na Jinja, yapata kilomita 80 kutoka hapa Mengo. Kwa kijana wa Nairobi, hiyo ni safari ya ng'ambo: avuke mpaka Busia au Malaba, agongewe mhuri, abadilishe fedha, kisha afike mtoni na hema lake begani.

Kabla ya kuifikia kazi yenyewe, hatuna budi kuondoa magugu mawili yaliyo mlangoni. Yote mawili ni majina.

Msomaji wa Kiswahili akiona neno 'duma' humfikiria mnyama yule mwenye mbio kuliko wote wa porini. Nao muziki wa kundi hili una mbio, basi huridhika kwamba ameelewa. La hasha. Wanamuziki wenyewe wameeleza kuwa jina lao limetoka katika lugha ya Kikuyu, nalo lina maana ya giza. Mwenye kutafuta mnyama humo atapotea. Mwenye kutafuta giza atalikuta tangu wimbo wa kwanza.

Jina la pili lina madhara zaidi. 'Nyege' katika Kiswahili ni ashiki ya mwili, neno ambalo mtu mwenye adabu halitamki mbele ya wakwe. Lakini waandaaji wa tamasha wameeleza mara nyingi kuwa jina lao ni la Luganda, na kwamba linataja ile hamu ya ghafla isiyozuilika ya kucheza ngoma. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alitaka kulipiga marufuku tamasha hilo. Mwaka 2022 suala likafika Bungeni. Mara zote mbili liliruhusiwa hatimaye, kwa masharti. Hatusemi kwamba hoja za waliopinga zilikuwa za jina tu. Walizungumzia ulevi, dawa za kulevya na mwenendo wa vijana usiku, na mzazi yeyote ana haki ya kuyahofia hayo. Tunasema tu kwamba jina lilisaidia sana kuwasha moto, na kwamba walimu wa Kiswahili ndio waliokuwa na maji ya kuuzima.

Walimu wenzetu wanajua kuwa lugha zetu za Kibantu ni ndugu, na ndugu hufanana sura bila kufanana tabia. Mganda akisema 'okugamba' anasema tu kwamba amesema. Mswahili akisikia 'kujigamba' anasikia majivuno. Somo zima la maana linaweza kujengwa juu ya jozi kama hizo. Ikiwa hatulifundishi darasani, litafundishwa na magazeti kwa makosa, kisha watu watahukumiwa kwa kosa la kamusi.

Tugeukie sasa fani ya albamu. Ina nyimbo tisa. Jambo la kwanza linalomshtua msikilizaji ni mapigo ya ngoma. Hayapigwi na mkono wa mtu, bali yamepangwa kwa mashine, na kasi yake hupita uwezo wa mkono wowote. Juu yake gitaa halichezi wimbo kama tulivyozoea. Linakwaruza, linakoroma, linavuma kama upepo uliofungiwa ndani ya pipa. Kisha ipo sauti ya Khanja. Huyu haimbi kwa maana ya kawaida. Anapiga ukemi, ananguruma, anashuka hadi kooni kabisa, halafu anapanda ghafla kama mtu anayeungua. Maneno ni vigumu kuyatambua, hata kwa msikilizaji aliyeinamisha sikio.

Mwanafunzi atauliza: je, hii si kelele? Swali hilo ni halali, na jibu lake liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Tuanzie Lubiri.

Katika kasri la Kabaka hapa Mengo palikuwapo muziki wa heshima uitwao entenga. Ni ngoma kumi na tano: kumi na mbili ndogo zilizosawazishwa sauti, zikipigwa na watu wanne, na tatu kubwa zikipigwa na watu wawili. Palikuwapo pia makondere, yaani baragumu za vibuyu. Nje na ndani ya kasri ilipigwa amadinda, marimba ya vibao kumi na viwili, ambapo wapigaji wawili hukaa wakitazamana na kupachika mapigo yao kwa zamu, pigo la huyu katikati ya mapigo ya yule, na wa tatu akiongeza yake juu. Matokeo yake ni mfululizo wa sauti ulio wa kasi kuliko mkono mmoja uwezavyo kutoa. Mgeni asiyefunzwa husikia mvua ya vibao tu. Aliyefunzwa husikia wimbo unaoibuka ndani ya mvua, wimbo ambao hakuna mpigaji hata mmoja anayeupiga peke yake.

Basi kasi iliyopita mkono wa mtu haikuletwa Kampala na mashine. Wazee wa Buganda waliitafuta na kuipata zamani, tena kwa njia bora kuliko mashine, kwa kuwa waliipata kwa ushirikiano. Hapo ndipo tunapoiona nguvu ya Duma na upungufu wake pamoja. Nguvu ni kwamba Karugu ameielewa kasi kama kitu cha kusikilizwa, si cha kujionyesha tu: mapigo yakizidi, sikio huacha kuyahesabu na kuanza kusikia umbo kubwa lililo nyuma yake. Upungufu ni kwamba umbo hilo hutoka kwa mtu mmoja na chombo chake. Amadinda haipigiki bila jirani. Mashine haihitaji jirani.

Si bahati nasibu kwamba kampuni ile ile iliyoitoa Duma imetoa pia rekodi za ufufuo wa muziki wa kasri la Buganda. Ufufuo huo ulihitajika kwa sababu tunayoijua sote. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Serikali ya Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalilivamia Lubiri. Kabaka Mutesa II alikimbilia uhamishoni, wanamuziki wa kasri wakatawanyika, na kwa miaka mingi entenga ikabaki katika kumbukumbu za wachache. Ufalme ulirejeshwa mwaka 1993, lakini ngoma iliyonyamaza miaka ishirini na saba hairudi kwa tangazo. Hurudi kwa mzee mmoja kumshika kijana mkono.

Na hapa tuseme jambo ambalo walimu wa Kiswahili hatupendi kulisema. Siku ile Mengo, na katika miaka iliyofuata, lugha iliyosikika kwenye mizuizi ya barabara, pamoja na bunduki, ilikuwa Kiswahili. Ilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za KAR. Kabaka Daudi Chwa alikuwa amekwisha kuikataa mwaka 1929 isiwe lugha rasmi, kwa kuihofia ardhi na ustaarabu wa watu wake. Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, aliiongezea sifa asiyoistahili. Kwa masikio mengi ya Mengo, Kiswahili kilikuwa kelele: ukemi wa mtu mwenye silaha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini kila mwalimu wa hapa anamjua mzazi ambaye bado hukunja uso akisikia 'simama'.

Sisi ambao lugha yetu imeitwa kelele, tena kwa sababu zenye uchungu wa kweli, tuna wajibu wa kusita kabla ya kuiita kelele sauti ya mtu mwingine. Kusita si kusifu. Ni kusikiliza mpaka tujue tunachokikataa ni kipi.

Tukisha kusikiliza, tunaona dosari katika maudhui ya Duma, nasi tutazitaja bila kificho. Kwanza, wimbo mmoja una jina la Kiingereza linalomwambia msikilizaji ajiue kabla hawajamuua. Huenda msanii alikusudia kilio cha mtu aliyezingirwa, na giza ndilo dhamira ya kazi yote. Hata hivyo jina huenda mbali kuliko wimbo. Husomwa na asiyesikiliza. Sauti yenyewe ina maana kubwa kuliko jina hilo: anayepiga ukemi namna ile anakataa kufa, hakubali. Kwa hiyo jina limeisaliti sauti. Mwalimu akilikuta katika daftari la mwanafunzi asilipite kimya, wala asianze na fimbo. Aketi na mtoto, amuulize anaendeleaje.

Pili, upo wimbo uitwao 'Pembe 666'. Hili ndilo jina la Kiswahili lililo wazi kuliko yote katika albamu, nasi tulilifurahia, kisha tukasikitika. Tarakimu zile ni za Kitabu cha Ufunuo, na pembe ikiwekwa kando yake huwa ile ya shetani wa michoro ya Ulaya. Lakini pembe katika jadi yetu ni kitu kikubwa zaidi. Siwa za Lamu na Pate zilikuwa alama ya enzi. Mji usio na siwa haukuwa na sauti. Pembe ilitangaza msiba, harusi, vita na kutawazwa. Msanii alikuwa na neno lenye karne kadhaa ndani yake, akalivika vazi la kuazima. Hatulaumu kuazima, maana Kiswahili chenyewe ni lugha iliyoazima kwa hekima. Tunalaumu kuazima kile ambacho nyumbani kimejaa ghala.

Inafaa tuongeze kwamba Khanja hakubaki pale pale. Mwaka 2024 alitoa peke yake albamu ya The Adept, kupitia kampuni yake aliyoiita Haekalu, jina ambalo sikio la Mswahili hulitambua mara moja kuwa ni hekalu. Yeye ni wa ukoo wa Field Marshal Muthoni wa Kirima, shujaa wa Mau Mau aliyekaa msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, naye akafariki mwaka 2023. Kwa mtazamo wetu, msanii aliyeanza na giza lisilo na anwani amerudi kutafuta giza lenye jina: lile la msitu wa Nyandarua.

Hilo linatuleta kwenye neno 'kambi', ambalo ndilo kiini cha nusu ya pili ya suala letu. Katika fasihi na historia ya Afrika Mashariki, kambi si neno la starehe. Wapagazi wa misafara walipiga kambi kwa amri. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwaka 1952, maelfu walifungiwa kambini. Leo Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja, na wengi wao waliotoka Kongo huzungumza Kiswahili katika makazi yao ya turubai na udongo. Kwa bibi wa mwanafunzi wetu, kulala hemani ni balaa iliyompata mtu. Anaposikia kwamba mjukuu wake amelipa fedha ili akalale hemani katika nchi ya kigeni, mvua ikimnyeshea, asikilize watu wanaopiga ukemi, anashangaa, nasi hatuwezi kumlaumu.

Hata hivyo tutazame linalotendeka humo. Mfano mkubwa kuliko yote duniani ni kijiji cha Wacken, kaskazini mwa Ujerumani, ambako Thomas Jensen na Holger Hübner walianzisha tamasha la metali mwaka 1990. Kijiji hicho chenye wakazi wapatao elfu mbili hupokea kila Agosti makumi ya maelfu ya wageni wenye mahema. Bendi ya matarumbeta ya wazima moto wa kijiji hupiga pamoja na wenye magitaa. Mwaka 2023 mvua iligeuza mashamba kuwa tope, hata waandaaji wakalazimika kuzuia wengi waliokuwa njiani. Mtengenezaji filamu mzaliwa wa Korea, Cho Sung-hyung, aliitazama hali hiyo katika filamu yake Full Metal Village ya mwaka 2006. Hekima yake ilikuwa kuielekeza kamera kwa wakulima na bibi wa kijiji kwanza, na kuuacha muziki uje mwishoni. Aliuliza swali la jirani: hawa ni nani, na sisi tunaishije nao?

Wahakiki wetu na wafuate njia hiyo. Kambini kando ya Nile, kama kule Wacken, marafiki hugawana maji, tochi, sufuria na turubai. Mmoja hulinda mizigo wengine wakicheza. Aliyeanguka mbele ya jukwaa huinuliwa na asiyemjua. Hiyo ni kanuni ya wapenzi wa metali kila mahali. Lugha huchanganyika kwa lazima, maana Mkenya, Mganda, Mkongo na Mtanzania wakitaka kukopeshana kiberiti usiku wa manane hawana muda wa tafsiri. Kiswahili hupata hapo kazi ambayo hakuna baraza la mawaziri liwezalo kukipa: kuwa lugha ya kuombana na kupeana.

Vijana wetu si wa kwanza kuupima mwili kwa makelele na kukesha. Wagisu wa Mlima Elgon, kila mwaka wa shufwa, huwatembeza vijana wao kwa ngoma na nyimbo mpaka siku ya imbalu, ambapo kijana husimama mbele ya kisu bila kutikisika. Tofauti ni kwamba imbalu ina wazee, na mwisho wake kijana huwa mtu mwingine mbele ya jamii. Kambi ya tamasha haina wazee. Siku ya nne hema hukunjwa, kila mtu akarudi alikotoka, na hakuna anayemuuliza alichojifunza. Hilo ndilo pengo, wala halizibwi kwa marufuku. Linazibwa na mtu mzima atakayeuliza.

Hukumu yetu basi ni hii. Albamu ya Duma imefaulu katika fani: ni kazi ya ujasiri, yenye mpango, iliyofanywa na Waafrika wa Mashariki katika mji wetu. Katika maudhui haijakomaa. Inalia vizuri kuliko inavyosema, na majina yake huazima pasipo haja. Pia inatuachia swali zito. Kazi iliyofanyika Kampala ilisifiwa upesi na wahakiki wa Ulaya kabla ya kuandikiwa lolote la maana kwa Kiswahili. Tukiendelea kunyamaza, watoto wetu watasoma maana ya sauti zao katika lugha za mbali.

Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Huo ni ukweli wa mpigaji. Lakini upo pia ukweli wa msikilizaji, ambao Mengo ilijifunza kwa gharama kubwa: ngoma isiyosikilizwa hunyamaza, na kuirudisha huchukua umri wa mtu. Tunapendekeza kwamba katika muhula ujao mwalimu awape wanafunzi wa darasa la juu zoezi moja. Wasikilize amadinda kwa dakika tano, kisha wimbo mmoja wa Duma kwa dakika tano, ambao mwalimu ameuchagua mwenyewe kwa uangalifu, halafu waandike kwa Kiswahili sanifu walichokisikia, pasipo kutumia neno 'kelele' wala neno 'zuri'. Tumelijaribu zoezi hilo sisi wenyewe. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kabla ya kuandika neno la kwanza, na neno lenyewe lilikuwa 'mvua'.